Barua ya Wazi Kutoka Nasser Road: Ugonjwa Ambao Hatujauchora

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii,
Kwa viongozi wa Mamlaka ya Jiji la Kampala,

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni mchoraji na mchapaji. Huu ni mwaka wangu wa 19 Nasser Road, Kampala, mtaa ambao kila mmoja wenu ameshamtuma mtu hata kama hakufika mwenyewe. Mabango ya kampeni, kadi za harusi, vitabu vya risiti, kalenda, matangazo ya misiba, vyote hutoka kwetu, mara nyingi usiku kucha kwa sababu mteja amechelewa na anataka mzigo wake kesho asubuhi. Nimechapa kazi za malaria, za UKIMWI, za Ebola, na za kunawa mikono wakati wa korona. Katika miaka yote hiyo hakuna ofisi ya serikali, ya dini wala ya shirika lolote iliyoniletea kazi juu ya ugonjwa wa kusahau, ule ambao madaktari huuita demensia. Hata moja.

Nisingeliona pengo hilo kama lisingebisha hodi nyumbani kwetu.

Mama yangu ana miaka 78. Anaishi Bombo, mji ulio wilayani Luwero, alikozaliwa na alikoolewa, katika nyumba ambayo Kinubi, lugha ya Wanubi wa Uganda, na Kiswahili hupokezana mdomoni hadi hujui sentensi ilianza kwa lugha gani. Alikuwa msukaji wa vikapu na vifuniko vya chakula. Rangi nilijifunza kwake kabla sijajua kompyuta ni kitu gani: nyekundu inakaa wapi, kijani inasubiri nini, nyeusi unaitia lini ili jicho lipumzike. Kwa hiyo dalili ya kwanza niliiona kwenye usukaji wake. Mstari mwekundu uliopaswa kurudi kila baada ya mizunguko mitatu haukurudi. Nilidhani ni macho, nikamnunulia miwani. Baadaye chumvi ikawa inatiwa mara mbili. Viatu tukavikuta ndani ya sufuria, vimefunikwa vizuri. Akaanza kuniita kwa jina la mdogo wake aliyefariki zamani, na kunigombeza kwa makosa ya huyo mdogo wake.

Tulimpeleka kwenye kituo kimoja cha afya. Aliyetupokea hakumgusa wala hakumuuliza kitu. Alisema, "Huo ni uzee, mrudisheni nyumbani," akaita mgonjwa mwingine.

Halafu ukaja usiku ule. Kama saa tisa hivi Mama aliondoa komeo, akatoka na nguo ya kulalia, kichwa wazi, miguu mitupu. Alikuwa anamtafuta baba yetu aliyekufa mwaka 2006. Akaingia ua wa watu, akawa anasukuma mlango wao. Mnajua wenyewe, Waheshimiwa, mtu anayeonwa usiku wa manane akizunguka nyumba za watu bila nguo za maana huku kwetu anaitwa nani. Walipiga kelele, "Musezi! Musezi!", yaani mchawi wa usiku anayesemekana kula maiti. Watu wakatoka. Wengine walikuwa wameshaokota mawe. Aliyemwokoa ni kijana wa boda boda aliyekuwa anarudi kutoka kumshusha abiria wa mwisho. Alimulika taa, akashuka mbio, akajiweka mbele yake. "Huyu si musezi, huyu ni jaja wa karibu na msikiti, mimi ndiye humpeleka kliniki!" Jaja ni bibi kwa Kiganda. Kisha akamgeukia Mama kwa sauti ya chini: "Jaja, twende nyumbani." Akamvika koti lake na kumleta.

Wale watu nawafahamu. Ni majirani wema, wengine tumezika nao na kula nao Idi. Walitumia walichokijua. Picha pekee waliyokuwa nayo vichwani ya mwanamke mzee anayetembea usiku ni ya musezi, na picha hiyo ina miaka mingi, imechorwa kwa hadithi, kwa minong'ono, kwa vitisho vya utotoni. Kazi yangu ni picha. Tangu siku ile najiuliza picha nyingine ilitakiwa itoke wapi, na iliwahi kubandikwa ukuta gani. Ndiyo sababu ya barua hii.

Niseme kwanza yale ambayo bango lingesema, kama lingekuwepo. Demensia haiji na uzee kama mvi. Ni hali inayotokana na magonjwa yanayoharibu ubongo, na Alzheimer ndiyo inayoongoza, kati ya asilimia 60 na 70 ya wagonjwa wote. Nyingine hutokana na mishipa ya damu ya ubongo, hasa baada ya kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 57 wenye hali hii mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Kila mwaka huongezeka karibu milioni 10. Dawa ya kuiponya bado haijapatikana. Lakini kuna hali zinazofanana nayo ambazo zinatibika: tezi ya shingoni ikilegea, vitamini B12 ikipungua mwilini, kaswende iliyokaa muda mrefu, huzuni nzito inayomfunga mzee mdomo. Mtu akiambiwa "ni uzee" mlangoni, hata hiyo nafasi ya kupimwa inapotea.

Na kuna jambo ambalo lingepaswa kuwa kwenye kila steji, yaani kituo cha boda, nchini. Mwaka 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo yakishughulikiwa tangu utotoni hadi uzeeni, karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Presha imo. Sukari imo. Masikio yasiyosikia yamo, upweke umo, kukosa elimu kumo, na kuumia kichwa kumo. Tumezoea kumwambia kijana avae helmeti ili asife. Hatujamwambia avae ili akifika miaka 70 awajue wanawe.

Sasa nije kwenye kazi yangu mwenyewe.

Nilipoanza kutafuta michoro ya ugonjwa huu niliikuta mingi, mizuri, na karibu yote imetoka mbali. Kuna kichwa cha mtu kilichochorwa kama mti, na majani yanapeperuka kutoka kisogoni. Kuna kichwa kilichokosa kipande kimoja cha fumbo la kupanga. Kuna ua dogo la buluu ambalo Uingereza wanalitumia kama alama ya wagonjwa hawa, kwa sababu jina lake katika lugha yao linamaanisha usinisahau. Kwao linaeleweka mara moja. Kwetu ua hilo halioti uani, na jina lake halisemi kitu. Ule mti nao: mtu wa Ulaya akiona majani yanaanguka, anaona mwisho wa mwaka na baridi inayokuja. Shangazi yangu alipouona alisema, "Huo ni kiangazi, mvua ikinyesha utachipua." Alifurahi. Bango lililotaka kumwonya lilikuwa limemtuliza.

Kwa hiyo mimi na wenzangu wawili wa karakana tulichora letu. Tulichora mama mzee ameketi, na juu ya kichwa chake tukaweka alama za kuuliza tatu. Tulijiona tumefanya kazi. Tukachapa nakala 40 kwa pesa zetu, nikazipeleka Bombo kwa wazee kabla ya kuzibandika popote. Bibi mmoja aliitazama karatasi muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kwa nini ndoano zinamwangukia?" Hakusoma shule. Kwake ile alama haikuwa swali, ilikuwa ndoano ya samaki. Wa pili alisema ni hereni. Hakuna hata mmoja katika wale tisa waliokuwepo aliyesema neno kusahau.

Tukarudi tukaanza upya. Safari hii hatukuchora kichwa kabisa. Tulichora sufuria jikoni, kifuniko kimeinuliwa, na ndani jozi ya viatu. Pembeni mikono ya mama, imetulia, ina bangili. Nilipowaonyesha, kulikuwa na kimya, halafu mmoja akasema, "Dada yangu alikuwa hivyo." Mwingine akasema mumewe alikuwa anaweka redio kwenye kapu la nguo chafu na kuwasingizia wajukuu wizi. Walizungumza hadi adhuhuri. Chini ya mchoro tuliandika mistari miwili tu: "Kusahau ufunguo uko wapi, sote husahau. Akisahau ufunguo ni wa nini, mpelekeni hospitali." Mstari huo haukuwa wangu. Niliuona ukizaliwa pale ukumbini, kati ya wazee wawili waliokuwa wanabishana kama wao pia ni wagonjwa.

Jambo hilo naomba mlishike. Bango la ugonjwa huu halitatoka kwenye ofisi yenye kiyoyozi, wala kwenye kompyuta yangu. Litatoka kwa waliokaa na mgonjwa usiku, na mchoraji kazi yake ni kusikiliza kwa makini kisha kunyoosha mistari.

Kuna pia suala la jina. Sisi watu wa Uganda tunajua nguvu ya jina. UKIMWI ulipoingia miaka ya 80, wananchi waliuita siliimu hata kabla wakubwa hawajaamua waseme nini, na jina hilo likabebwa na kila mtu kwa sababu lilisema kilichoonekana: mtu anakonda. Demensia haina jina la namna hiyo kwetu. Nimesikia ikiitwa wazimu, kurogwa, kurudi utoto, laana ya mtu aliyetesa wakwe zake. "Ugonjwa wa kusahau" ndilo jina la heshima kuliko yote, na mimi ndilo ninalolitumia, lakini halitoshi, kwa sababu mama yangu hakusahau tu. Aliogopa maji ya kuoga. Aliona watu kwenye kioo cha kabati. Jioni ikiingia, mwanga ukianza kufifia, hutaka kuondoka aende "nyumbani" na yuko nyumbani.

Japani walilitazama jambo hili mwaka 2004. Neno lao la zamani, chihō, lilikuwa na maana ya upumbavu ndani yake. Wizara yao ya afya ikalibadilisha rasmi kuwa ninchishō, neno lisilomtukana mgonjwa. Mwaka uliofuata wakaanza kufundisha raia wa kawaida, wauza duka, askari, watoto wa shule, namna ya kumsaidia mtu mwenye hali hiyo, na kila aliyefundishwa alivishwa bangili ya rangi ya chungwa mkononi. Waliofundishwa wamepita milioni 10. Bangili ile ni kitu kidogo mno cha usanifu. Lakini mzee aliyepotea stesheni akiiona, au mtoto wake akiiona, anajua wa kumwendea.

Nikifikiria bangili hiyo namkumbuka kijana wa boda. Nani anajua njia zote, nyua zote na wazee wote wa mtaa kuliko wao? Wako macho saa ambazo wagonjwa wetu wanatoka. Stika moja kwenye kibanda cha steji, rangi moja inayojulikana nchi nzima, na saa mbili za mafunzo chini ya mwembe pamoja na mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, na wahudumu wa afya wa kijiji. Gharama yake naijua, maana stika ndizo maisha yangu. Ni ndogo kuliko ya mabango ya mgombea mmoja wa udiwani.

Mtaniuliza kuhusu nyuso. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya alisimama mbele ya nchi hii akasema ana UKIMWI, na kabla Desemba haijaisha alikuwa ametutoka. Uso wake ulifanya kazi ambayo karatasi zote za mtaa wetu zisingeifanya. Nimejiuliza mara nyingi kama ugonjwa huu nao unahitaji uso wake. Nadhani unahitaji, lakini kuna tofauti inayoniuma. Lutaaya alichagua, na alijua anachagua. Mama yangu hawezi tena kuniambia kama anataka jirani zake wamwone bangoni. Ndiyo maana nilichora mikono tu, na hata kwa mikono hiyo niliomba ruhusa ya dada zake. Mchoraji Mmarekani William Utermohlen, aliyeishi London, alipoambiwa mwaka 1995 kwamba ana Alzheimer aliendelea kujichora mwenyewe kwa miaka kama mitano, uso ukizidi kufumuka turubai hadi turubai. Huwa naitazama michoro ile na kunyamaza. Lakini ule ni uso wake, na mkono ulioshika brashi ni wake. Kama yuko mzee nchini kwetu, mwalimu mstaafu au askari mstaafu, ambaye ameambiwa mapema na bado ana sauti, na anataka kusimama, basi asimame, na serikali isimame naye. Picha za wagonjwa wasiojua kwamba wanapigwa picha, macho matupu, mate mdomoni, naomba zisichapwe na mtu yeyote.

Kuhusu lugha, nitasema kinyume cha mnachotarajia kutoka kwa mtu wa Bombo. Nilifurahi sana Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilipopitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na nataka mabango ya Kiswahili yawepo, maana kuna wazee wa kambi za jeshi na polisi, wa Arua, wa Busia, wa Kibuli, ambao hii ndiyo lugha iliyowabakia. Tena "Fika Salama", operesheni ya polisi ya usalama barabarani, imeonyesha kwamba maneno mawili ya Kiswahili yanaweza kueleweka barabara nzima. Lakini ugonjwa huu hufuta ya jana na kuacha ya zamani. Wako wazee, hapa hapa Luwero, ambao Kiswahili walikisikia kwenye vizuizi vya wanajeshi barabarani wakati wa vita vya miaka ya 80. Kwa mtu kama huyo, akiwa tayari hajui kama huu ni mwaka gani, sauti ya Kiswahili mlangoni usiku inaweza kumrudisha kwenye hofu ile ile. Kwa hiyo bango moja lililotafsiriwa kutoka Kiingereza kwenda lugha nane halitatufaa. Kila lugha ikae na wazee wake, kama tulivyokaa sisi na wale tisa.

Hata vipimo vinahitaji mchoraji. Daktari mmoja mwema, tuliyempata baadaye, alimpa Mama karatasi na kalamu akamwomba achore saa, aweke namba, kisha mishale ya saa tano na dakika kumi. Ni kipimo kinachotumika duniani kote. Mama aliweka mshale mfupi kwenye 5. Sasa, sisi tunajua kwamba saa tano yetu mshale huwa kwenye 11. Je, alikosea kwa sababu ya ugonjwa, au alilifuata neno alilolisikia? Na mwanamke ambaye hajawahi kuvaa saa, ambaye saa yake maisha yake yote ilikuwa adhana, tunampima nini tukimpa duara tupu? Daktari mwenyewe aliliona hilo, akaacha karatasi, akamwomba amweleze namna ya kuanza kikapu. Makerere kuna Shule ya Sanaa ya Margaret Trowell, iliyoanza 1937, na kilima kinachofuata ni Mulago, penye hospitali kuu. Sijui kitu kinachowazuia wanafunzi wa sanaa na wa udaktari kukaa meza moja muhula mmoja wakatafuta mchoro ambao mzee wetu anaweza kuupita au kuushindwa kwa haki.

Karatasi sicho kitu cha pekee. Mama yangu hakumbuki jina langu siku nyingi, lakini juzi nilimwona amekunja leso mapajani, kidole kinafuata herufi, anasoma taratibu: "Nani kama mama." Akacheka. Alisoma tena. Leso ina pindo, ina mji, ina jina, na jina la leso husomwa na watu wote wa mtaa mvaaji anapopita. Ni bango linalotembea, linalofuliwa, linalobebea mtoto na kufunika maiti. Tayari nimeandika jina la leso yetu, "Nikisahau, usinisahau", na pindo nimelichukua kutoka kwenye kikapu cha Mama, ule mstari mwekundu ukiwa umerudi mahali pake. Ndani ya pindo pana nafasi ndogo ya kushonea kitambaa chenye namba ya simu ya nyumbani.

Na kalenda. Nyumba gani Uganda haina kalenda ya ukutani? Huwa tunazichapa kwa maelfu, uso wa mheshimiwa ukichukua robo tatu ya karatasi na siku za mwezi zikibanwa chini kama sisimizi. Mgonjwa wa demensia anahitaji kinyume chake: leo ni siku gani, kwa herufi kubwa nyeusi juu ya karatasi isiyong'aa, na mchoro mmoja wa asubuhi na mmoja wa usiku. Kalenda hiyo ingemsaidia mgonjwa na kumfundisha jirani aliyekuja kunywa chai, mwaka mzima, kwa bei ile ile. Naomba mwaka mmoja tu, Waheshimiwa, mtupe robo tatu hizo.

Kuta za vituo vya afya nazitaja kwa haraka, ingawa zingestahili barua yake. Sakafu inayong'aa mgonjwa huiona kama maji, anakataa kukanyaga. Mkeka mweusi mlangoni huuona kama shimo. Mlango wa choo ukiwa na rangi sawa na ukuta, haupo. Rangi ya kopo moja kwenye mlango huo humwepusha mzee na aibu. Vivyo hivyo sahani: utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2004 ulikuta wagonjwa wa Alzheimer iliyokomaa wakila asilimia 25 zaidi na kunywa asilimia 84 zaidi walipopewa vyombo vya rangi kali. Niliposoma hilo nilikwenda jikoni. Mama alikuwa anakula posho, yaani ugali, nyeupe kwenye sahani nyeupe, na sisi tulikuwa tunasema amekataa chakula. Nilimnunulia sahani nyekundu sokoni jioni ile ile.

Ninachoomba hakihitaji jengo wala idara mpya. Wizara ya Jinsia, mnazo siku za kulipa ruzuku ya wazee, zile shilingi 25,000 za mwezi kwa wenye miaka 80 na zaidi. Wazee na watoto wao wanapanga foleni pale kwa saa nyingi, wamekaa, wanasubiri, hawana cha kutazama. Hakuna mahali pazuri zaidi pa kutundika mchoro na kumweka mtu wa kuueleza. Na wasiotimiza miaka 80, kama mama yangu, wapo hapo hapo wamemsindikiza mkubwa wao. Wizara ya Afya, katika fedha mnazotenga kwa uhamasishaji, anzeni na fungu dogo la ugonjwa huu, na muweke sharti kwamba mchoro wowote usichapwe kabla haujaonyeshwa kwa wazee wasiojua kusoma na familia zenye mgonjwa. Sharti hilo peke yake litabadilisha kazi nyingi za mtaa wetu. Mamlaka ya Jiji, mnazo kuta, mnazo nguzo, mnayo maegesho ya taksi. Kila msimu wa uchaguzi tunaona jinsi kuta hizo zinavyoweza kujaa kwa usiku mmoja.

Siku ya Alzheimer Duniani ni tarehe 21 Septemba. Bango la sufuria na viatu liko mezani kwangu, pleti za rangi tatu zimekamilika. Ya nne, ya maandishi meusi, bado. Juu kabisa, mahali pa jina la ugonjwa, tumepaacha peupe, kwa sababu sitaki jina hilo nilichague mimi. Mkikubali kukaa na wazee wa Bombo na wa kwingineko mkalitafuta pamoja nao, nijulisheni siku. Nitakuja na Mama. Naomba tu kikao kiwe asubuhi, kabla ya saa nne. Hiyo ndiyo saa yake nzuri.

Wenu kwa heshima,
Mchoraji na mchapaji, Nasser Road, Kampala